Picha za Zamani za Dar: Temeke Ilikuwa Wapi?

Picha za kale za Dar es Salaam zina wapenzi wengi. Zimetundikwa kwenye kumbi za hoteli na ofisi za benki, huchapwa kwenye kalenda, na kila Desemba 9, siku ya Uhuru, ikikaribia huzunguka kutoka simu hii hadi ile. Aghalabu ni zile zile: mnara wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu ukitazama bandari, kanisa la Azania Front na mapaa yake ya vigae, sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927, barabara ya pwani yenye miti iliyopandwa kwa mstari. Barabara ni nyeupe na haina mtu. Anayeonyeshwa hutikisa kichwa akasema: mji ulikuwa umepangika huu, sisi ndio tuliouharibu kwa ujenzi holela.

Hukumu hiyo imetolewa kwa kusikiliza shahidi mmoja tu. Sehemu kubwa ya picha hizo ilipigwa ndani ya eneo dogo mno, kati ya bandari, Bustani ya Mimea na hospitali ya Ocean Road, eneo ambalo mtu analimaliza kwa miguu kabla jua halijawa kali. Kinondoni na Temeke, ambako kwa miaka sabini sasa ndiko watu wa Dar wanakolala, wanakopika na wanakozikana, hazimo. Zikiwemo, zimo kwa bahati au kwa sababu kuna mkubwa aliyekuwa na shughuli huko. Kwa hiyo swali la kuuliza mbele ya picha ya kale, kabla ya kusikitika, ni nani aliyeshika kamera na alitumwa kupiga nini.

Tuanze na Wajerumani, maana wao ndio wenye picha nyingi zinazopendwa. Mji aliouanzisha Sultani Majid bin Said wa Zanzibar katika miaka ya 1860 ulikuwa umedorora tangu kifo chake mwaka 1870. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao makuu ya koloni lao hapo kutoka Bagamoyo, na mwaka huo huo wakatoa kanuni za ujenzi zilizoamua nyumba ya aina gani isimame wapi. Upande wa bahari ukawa wa majumba ya mawe yenye veranda na bustani. Nyumba za udongo na makuti zikasukumwa nyuma. Ndani ya mpango huo ndipo walipofanya kazi wapiga picha wa biashara kama Carl Vincenti na Walther Dobbertin. Waliuza kadi za posta na albamu kwa maofisa, walowezi na abiria wa meli. Mteja alitaka kuwaonyesha ndugu zake wa Ulaya kwamba mahali alipo pana ustaarabu, kisha aongeze picha mbili tatu za minazi na vibanda ili safari ionekane ya mbali. Wakampa vyote viwili.

Picha za Dobbertin leo ziko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Ujerumani, mjini Koblenz. Mwaka 2008 hifadhi hiyo iliruhusu makumi ya maelfu ya picha zake zitumike bure duniani kote, na hizi za Afrika Mashariki zikiwemo. Hiyo ndiyo sababu zimejaa kila mahali. Ni picha nzuri, sina ugomvi na ufundi wake: vioo vikubwa, mwanga wa asubuhi, kila tofali linahesabika. Lakini soma maelezo ya chini. Jengo lina jina, afisa ana jina na cheo, mara nyingine hata meli ina jina. Mwanamke aliyebeba mtungi ni mwanamke aliyebeba mtungi tu. Nyumba ya makuti nyuma yake haina mwenyewe wala mtaa.

Na ile barabara tupu inayotutamanisha haikuwa tupu kwa sababu watu wa zamani walikuwa watulivu. Kanuni ndizo zilizowaweka mbali. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 walizikuta kanuni hizo wakazikaza: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja katikati kama kinga. Eneo la viwanja lililopimwa magharibi ya Mnazi Mmoja lilifanywa kambi ya wapagazi wa jeshi, kisha likawa Kariakoo. Ikafuata Ilala. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wafanyakazi walipozidi na bandari ikashuhudia mgomo mkubwa wa mwaka 1947, serikali ilianza kupima Magomeni na Temeke kuwa makazi ya Waafrika, na kujenga kota za kupangisha. Kabla ya hapo Kinondoni ilikuwa mashamba ya minazi na vijiji vya wavuvi kama Msasani na Kunduchi. Oyster Bay, iliyo ndani ya Kinondoni hiyo hiyo, ilikuwa imeshaanza kujengwa kwa ajili ya Wazungu, na picha za bungalo zake zipo tele. Kilomita chache kutoka hapo, kwenye mitaa ambako maelfu walikuwa wakikandika udongo kila mwisho wa wiki, kamera haikwenda.

Hapa inafaa kuangalia kidogo nchi nyingine. Mwaka huo huo wa 1891 kijana wa Kijerumani aitwaye Wilhelm Kahlo alihamia Mexico, akabadili jina akawa Guillermo, akawa mpiga picha. Leo anajulikana zaidi kwa sababu ya binti yake, mchoraji Frida Kahlo. Kuanzia mwaka 1904 serikali ya Porfirio Díaz ilimpa kazi ya kupiga picha makanisa na majengo ya enzi ya Wahispania, kujiandaa na sherehe za miaka mia ya uhuru mwaka 1910. Picha zake ni ndugu wa picha za Dobbertin: kubwa, kali, hazina watu. Lakini mwaka huo wa sherehe mapinduzi yalilipuka, na mpiga picha wa magazeti Agustín Víctor Casasola akaanza kukusanya upande wa pili, yaani wanajeshi wa mapinduzi kwenye mabehewa, wauza mikate, wafungwa, wafanyakazi wa viwandani. Mwaka 1976 serikali ya Mexico ilinunua mkusanyo wa Casasola na kuuweka Pachuca, ndani ya jengo la watawa wa zamani, ukawa msingi wa hifadhi ya picha ya taifa. Wamexico wanaweza kubishana juu ya maana ya picha zao, na hubishana sana, lakini kanisa tupu na mtaa uliojaa watu vyote vinapatikana nyumbani kwao. Sisi nusu moja iko Koblenz, na nusu nyingine iko kabatini Tandika, chini ya shuka za wageni.

Nusu hiyo ya kabatini ndiyo yenye historia ya ujenzi wa pembezoni. Kuielewa lazima kwanza uijue nyumba yenyewe. Nyumba ya Kiswahili ya Dar, ile ya vyumba sita, ina mlango katikati, baraza kushoto na kulia, ukumbi mwembamba unaopita moja kwa moja hadi mlango wa nyuma, na vyumba vitatu kila upande. Uani kuna jiko, choo, bafu la kuogea kwa ndoo, na mara nyingi safu ya vyumba vya nyongeza. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki akapangisha. J.A.K. Leslie, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyechunguza maisha ya mji huu mwaka 1956 na 1957, aliikuta nyumba hii ikiwa uti wa mgongo wa uchumi wa Mwafrika wa Dar. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1963. Mtu hakuwa na pensheni wala hisa, alikuwa na vyumba. Mjane mwenye nyumba Magomeni alikuwa na kipato. Sensa ya 1957 iliwakuta watu 128,742 Dar es Salaam, ya 1967 ikawakuta 272,821. Waliozidi hapo kati hawakupokelewa na ghorofa za mjini, walipokelewa na nyumba hizi.

Mwanzoni zilijengwa kwa boriti za mikoko zilizoletwa kwa majahazi kutoka Rufiji, fito, udongo wa kukandika, na makuti juu. Makuti huchoka baada ya miaka michache, hivyo kila mwenye nyumba alikuwa mteja wa kudumu wa wasukaji. Madebe ya mafuta ya taa yalipokuwa mengi, mafundi waliyakunjua wakaezekea. Kisha yakatokea mambo mawili, ambayo kwa maoni yangu yalibadilisha sura ya Dar kuliko ramani yoyote ya mipango miji. Mwaka 1960 kiwanda cha ALAF kilianzishwa upande wa Temeke, kando ya Barabara ya Pugu, na mabati yakawa yanatengenezwa hapa hapa. Mwaka 1966 kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, Kinondoni, kikaanza uzalishaji. Wataalamu wa kigeni walikuja na ramani zao, Wakanada wakaleta mpango kabambe wa mwaka 1968 na mwingine wa 1979, lakini mtaa wa kawaida ulifuata bei ya mfuko wa saruji na bei ya bati.

Mabadiliko hayo hayakupigwa picha na mtu aliyekusudia. Yamo nyuma ya watu. Picha moja ninayoifahamu vizuri imetoka kwenye albamu ya familia moja ya Temeke. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, ukubwa wa kadi ya posta, kingo zake zina meno meno. Mama amekaa kwenye kiti cha mbao barazani, gauni la maua, kanga begani, mkono mmoja juu ya goti. Mtoto wa kiume amesimama pembeni na kaptula inayomzidi, amekunja uso kwa jua. Nyuma ya picha pameandikwa kwa kalamu ya wino: Ukumbusho, Temeke, 1967. Mpiga picha alijali nyuso tu. Sasa angalia ukuta. Chini, mpaka usawa wa kiuno, umepigwa lipu ya saruji, na alama za mwiko wa fundi bado zinaonekana. Juu yake ni udongo, na karibu na dirisha udongo umebanduka, fito zimetokeza. Dirisha ni la mbao, mabawa mawili, halina nondo. Kwenye kona ya juu paa linaonekana kidogo: makuti, na kando ya makuti pande la debe. Baraza ni jipya, limesawazishwa vizuri kuliko ukuta. Juu ya mlango kuna namba ya nyumba.

Hakuna ripoti ya serikali iliyonieleza ujenzi wa Dar kama kona hiyo. Mwenye nyumba hajengi kwa mkupuo, anajenga kwa mfuko mmoja mmoja. Anaanza na baraza kwa sababu ndipo heshima yake inapoonekana na ndipo maji ya mvua yanapopiga. Anafuata sehemu ya chini ya ukuta kwa sababu ndiyo inayoliwa na mvua na mchwa. Paa linasubiri. Nondo hazipo, hofu ya wezi bado haijafika, au imefika lakini fedha hazipo. Namba ya mlango inasema kwamba Halmashauri imeshaitambua nyumba, jambo ambalo wakazi wa Manzese wakati huo wangelionea wivu. Anayeita huu ujenzi holela hajauangalia. Nyumba ina mpangilio uleule wa majirani zake wote, na kila hatua ina sababu.

Baada ya uhuru serikali nayo ilileta kamera zake. Hapa Temeke na Kinondoni zinaingia pichani kwa kishindo. Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, bendera ya Uingereza ilishushwa na ya Tanganyika ikapandishwa katika Uwanja wa Taifa, ambao sasa ni Uwanja wa Uhuru, wilayani Temeke. Picha za usiku huo zimechapwa mara nyingi kuliko zozote katika historia yetu, na mara chache sana maelezo yake hutaja kwamba taifa hili lilizaliwa Temeke. Miaka miwili baadaye kijana Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar, alianzisha Camerapix mjini hapa. Idara ya Habari ikawa na wapiga picha wake, jarida la Nchi Yetu likawa na kurasa za kujaza. Tunaona kiwanda cha nguo cha Urafiki kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968 kule Ubungo, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa sehemu ya Kinondoni, na wanawake waliosimama kwenye mashine wakiwa wamefunga vitambaa kichwani. Tunaona stesheni ya TAZARA, pana na nzito, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970 wilayani Temeke. Tunaona viwanja vya Sabasaba vilivyo kando ya Barabara ya Kilwa, na majengo ya Chuo Kikuu mlimani.

Picha hizi nazo zina mteja. Zilitakiwa zionyeshe nchi inayojengwa, kwa hiyo pembezoni zinatokea zikiwa kiwanda, uwanja, mtambo, gwaride. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilibomoa nyumba nyingi za makuti Magomeni na kwingineko na kujenga za saruji mahali pake. Ilipofika mwaka 1972 serikali ilibadili msimamo, ikaona kubomoa kunapunguza nyumba badala ya kuziongeza. Ukaja mradi wa viwanja uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia: Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zikapimwa, Manzese ikatiwa barabara na maji, kisha zamu ya Tandika na Mtoni ikafika. Mradi huo uliacha aina nyingine ya picha, zile za kutoka angani, ambazo mapaa yanaonekana na watu hawaonekani. Kwa mpimaji ni hazina. Ukiziweka kwa mfuatano wa miaka unaona shamba la minazi likigeuka vitone vya mapaa, vitone vikiungana, njia za miguu zikiwa barabara kwa sababu tu nyumba zilizipisha. Ni ushahidi mwingine kwamba watu walikuwa na utaratibu wao kabla ya mpimaji kufika.

Katika mitaa yenyewe watu walikuwa wakienda studio. Tena walikwenda kwa wingi: sikukuu za Idi na Krismasi, mahari ikitolewa, mtoto akimaliza darasa la saba, kijana akipata kazi bandarini. Nyuma ya mteja kulitundikwa pazia lililochorwa ndege, ghorofa, au mto wenye daraja. Kulikuwa na ua la plastiki, redio isiyo na betri, pengine simu ya mezani isiyounganishwa popote. Picha ilipigwa leo, ikasafishwa, ukaifuata baada ya siku kadhaa ukiwa na risiti. Wataalamu wengine huziona picha hizi kuwa za kuigiza, hazisemi kweli. Mimi naona zinasema kweli moja ambayo barazani haipatikani, nayo ni jinsi mtu alivyotaka aonekane. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, ianze Januari 1969. Ukifungua albamu za Magomeni za miaka iliyofuata unakuta sketi fupi zimo, na mbele kidogo unakuta suruali za bugaluu na viatu vya raizoni vyenye kisigino cha kumwezesha mtu mfupi kuazima kimo. Mtaani palikuwa na msako, studioni palikuwa na pazia.

Picha za studio pia husaidia kujua tarehe, kwa mwenye jicho. Kanga zilitoka kwa misimu, na akina mama wa umri fulani watakutajia mwaka kwa kuiona doti tu. Picha ya nje yenye basi refu la Ikarus, lile watu waliloliita kumbakumba, haiwezi kutangulia UDA, shirika la usafiri la mjini lililoundwa mwaka 1974. Ukiona daladala uko mwaka 1983 au baada yake. Rangi nayo ni kipimo: picha za rangi za mwanzo mwanzo zimegeuka wekundu wa matofali, wakati nyeusi na nyeupe za miaka ishirini kabla yake bado ziko imara.

Zanzibar, Mombasa na Lamu zilipata bahati. Capital Art Studio ya Ranchhod Oza, iliyofunguliwa Unguja mwaka 1930, ilirithiwa na mwanawe na picha zake zikaendelea kuuzwa na kutazamwa. N.V. Parekh wa Mombasa na Omar Said Bakor wa Lamu wameandikiwa na watafiti. Studio za Magomeni, Keko na Tandika hazikupata mwandishi. Nyingi zilifungwa moja baada ya nyingine mashine za rangi zilipoingia, na tena kamera za simu zilipoingia, na makasha ya negativu yakaishia jalalani au kwa watoto wa kuchezea.

Sheria nayo haikusaidia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na ya baadaye mpaka Waziri ayatangaze. Kwa kipimo hicho Kinondoni ina magofu ya Kunduchi, msikiti wa karne nyingi na makaburi ya nguzo ambayo zamani yalipambwa kwa bakuli za kaure kutoka China. Picha za zamani zinaonyesha bakuli zikiwa bado zimegandishwa kwenye chokaa. Ukienda leo utaona zaidi vishimo vilivyobaki, na kama si picha usingeamini mwenyeji wako anapokueleza. Basi hata penye ulinzi wa sheria, picha ilikaa kuliko kitu. Je, nyumba ya udongo ya mwaka 1955, isiyo na sheria wala picha? Kijiji cha Makumbusho kilichofunguliwa Kijitonyama mwaka 1967 kiliokoa ujuzi wa nyumba za jadi za makabila mbalimbali, ya Wazaramo ikiwemo, na ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini nyumba ya kupangisha ya vyumba sita haina kabila, kwa hiyo haiingii kirahisi kwenye mpango wa namna hiyo. Iliyonusurika vizuri ni nyumba ya Mwalimu Nyerere pale Magomeni, na imenusurika kwa jina la mwenyewe.

Siku hizi pembezoni hupigwa picha zaidi kwa maafa na kwa kubomolewa. Mbagala iliingia kwenye kurasa za mbele Aprili 29, 2009, mabomu ya ghala la jeshi yalipolipuka. Bonde la Msimbazi likafuata kwa mafuriko ya Desemba 2011, waathirika wakahamishiwa Mabwepande. Kota za Magomeni zilivunjwa, na baada ya mvutano wa miaka kaya 644 zilizokuwa zikiishi humo zikapewa nafasi katika maghorofa mapya yaliyozinduliwa Machi 2022. Barabara ya Morogoro ilipanuliwa kwa ajili ya Mwendokasi, mabasi yakaanza kazi mwaka 2016, na kuta nyingi za kandokando ya barabara zetu zilipigwa picha kwa mara ya kwanza siku zilipochorwa alama nyekundu ya X. Mpiga picha wa gazeti alikuja kupiga ile alama. Ukuta, baraza na jina la mtaa vilikuwa pambo.

Kuna njia nyingine, na haiko mbali. Ng'ambo ya Unguja, upande uliopuuzwa wakati Mji Mkongwe ukiingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, ilifanyiwa utafiti na Serikali ya Zanzibar pamoja na wasanifu wa Kiholanzi, mtaa kwa mtaa, ramani za kale na picha za kale zikilinganishwa na kilichopo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019 kama atlasi nzima ya Ng'ambo, kuanzia viwanja vya mpira na misikiti hadi maghorofa ya Michenzani. Kwa mara ya kwanza mkazi wa Ng'ambo aliweza kuonyesha kwa kidole kwamba mtaa wake una historia, si msongamano tu. Dar ina watu wa kufanya kazi hiyo. Kuanzia mwaka 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitembea na wakazi kuchora mitaa isiyo na ramani katika mradi wa Ramani Huria, wakirusha hadi droni kupiga picha za angani, lengo likiwa mafuriko. Vijana hao hao, kwa mbinu zile zile, wangeweza kuuliza nyumba hii ilijengwa lini, na mna picha yake?

Manispaa za Kinondoni na Temeke, pamoja na zile zilizozaliwa kutoka kwao, Ubungo na Kigamboni, kila moja ina maktaba, au chumba kinachoweza kuwa maktaba, na ina maofisa utamaduni. Kazi inayotakiwa si ya mabilioni. Ni skana, kompyuta, kijana mwenye subira, na siku za Jumamosi ambazo familia italeta albamu, picha zake zinakiliwa palepale, na albamu inarudi nayo nyumbani jioni. Picha zisichukuliwe. Watu wamekwishanyang'anywa vya kutosha kwa jina la hifadhi, na anayewaomba waache albamu ofisini atarudi mikono mitupu, na atakuwa amestahili.

Wakati ofisi inajadili bajeti, wewe mwenye albamu una la kufanya wiki hii. Zitoe picha kwenye kurasa zile za kunata, gundi yake inazila. Ziweke kwenye bahasha za karatasi, mahali pakavu, mbali na ukuta wa bafu. Nyuma ya kila moja andika kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino: nani yumo, mtaa gani, mwaka gani hata kwa kukadiria, na nyumba inayoonekana nyuma ilikuwa ya nani. Kama bibi bado yupo, kaa naye leo, maana majina ya watu waliosimama mstari wa nyuma anayajua yeye peke yake.